UZI: Ruhusa ya kunakili na kusambaza nyimbo za wengine huombwa kwa nani, na jibu lipi ndilo ruhusa?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa kwaya yenye waimbaji thelathini na wawili, na ninaandika uzi huu nikiwa na maboksi matano ya diski chini ya meza, nakala mia tano kwa hesabu, ambazo hatuwezi kuziuza wala kuzigawa. Naomba mnivumilie nieleze yaliyotupata, kwa kuwa nilipoanza kuulizauliza niligundua kwamba makosa yetu hufanywa na vikundi vingi, ila wengine hawajaandikiwa barua.

Tulirekodi albamu ya nyimbo kumi na mbili. Nane ni utunzi wa mwalimu wetu, na nne ni za watu wengine, ambazo tuliziimba upya kwa sauti zetu na ala zetu. Tulipopeleka rekodi mahali pa kutolea nakala tulipewa fomu yenye safu tatu: jina la wimbo, jina la mtunzi, na uthibitisho wa ruhusa. Mbele ya zile nyimbo nne, katika safu ya tatu, niliandika kwa mkono wangu mwenyewe "ruhusa imepatikana", kisha nikatia sahihi. Sikukusudia kudanganya. Kwa wimbo mmoja tulikuwa tumekutana na mwimbaji aliyeuvumisha, baada ya onyesho lake, naye akatushika mikono na kutuambia, "Uimbeni tu, mimi nitafurahi." Tukaona yametosha, na zile tatu nyingine tukazifunika kwa baraka za huyo mmoja.

Wiki ya tatu ikaja barua kutoka kwa kampuni inayosimamia kazi za mtunzi. Ilikuwa barua ya adabu, tena fupi. Ilieleza kwamba mwimbaji yule hakuutunga wimbo. Kwamba mtunzi alikwisha kufariki na haki zake ziko mikononi mwa warithi, ambao wameikabidhi kampuni hiyo kazi ya kuzisimamia. Na kwamba hata kama mtunzi angekuwa hai na kutuambia tuuimbe, kuimba ni jambo moja na kutoa nakala mia tano ni jambo jingine.

Nilichokielewa tangu siku hiyo ni kwamba wimbo ulio kwenye diski ni mali mbili zilizolala kitanda kimoja. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na lahani (tuni ya wimbo), ambavyo vingekuwapo hata kama hakuna mtu aliyewahi kuvirekodi. Ya pili ni rekodi, yaani sauti zile zilizonaswa siku ile, kwa waimbaji wale na mtayarishaji yule. Utunzi hulindwa na hakimiliki ya mtunzi, na rekodi pamoja na uimbaji wake hulindwa na haki zinazoitwa hakishiriki. Anayetaka kutoa nakala za rekodi ya mwingine kama ilivyo anahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Anayeuimba wimbo upya na kujirekodi mwenyewe haigusi rekodi ya kwanza, kwa hiyo anahitaji ruhusa ya upande wa utunzi peke yake. Sisi tulikwenda kwa mtu wa upande wa rekodi kumwomba ruhusa ya upande wa utunzi, jambo ambalo ni sawa na kumwomba mpangaji akuuzie nyumba.

Nikakumbuka pia, kwa aibu, kwamba kabla ya kurekodi tulinunua kitabu kimoja cha noti kisha tukakitolea fotokopi thelathini na moja. Hiyo nayo ni kunakili.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Nitawapataje wenye zile nyimbo tatu nyingine, na nikimpata mwenyewe nimwandikie nini hasa?

Mchangiaji wa 1

Pole sana, katibu. Lakini kwa nini msizigawe bure kwa waumini na marafiki, bila kuuza hata moja? Mahali ambapo hakuna faida sioni mtu atadai nini.

Mchangiaji wa 2

Mkuu hapo juu, wazo hilo ndilo linalowaponza wengi. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na ambao nchi nyingi za dunia ni wanachama wake, unampa mtunzi haki ya kuruhusu kazi yake inakiliwe, kwa namna yoyote na kwa umbo lolote. Haki hiyo haiulizi kama kuna faida. Ni kweli kwamba sheria za nchi huacha nafasi kwa matumizi kadhaa, kama kunukuu, kufundisha darasani, au mtu kujitolea nakala yake binafsi nyumbani pale panaporuhusiwa, lakini nakala mia tano zinazotoka mlangoni kwenda kwa watu haziingii katika nafasi hizo. Kugawa bure kunaweza kukusaidia kwenye bei, kwa sababu wenye haki wengi hulegeza kamba kwa kikundi kisichofanya biashara. Kuomba, hata hivyo, kuko palepale.

Kwa kuwa tumeligusa hili, niseme pia juu ya ile habari ya kwamba kipande kisichofika sekunde thelathini ni halali kwa kila mtu. Sijapata kuona kifungu cha sheria kinachosema hivyo, na wala anayeisimulia hajawahi kunionyesha.

Mchangiaji wa 3

Nimefanya kazi ya kutoa nakala za muziki tangu enzi za kanda, na ninachokiona kwa wateja ni kwamba neno "ruhusa" hulichukulia kama ufunguo mmoja wa nyumba nzima. Kuimba mbele ya watu ni mlango mmoja. Kunakili ni mwingine, na kuambatanisha wimbo na picha ni mwingine tena, na mara nyingi anayeshika ufunguo wa huu siye anayeshika wa ule.

Mlango wa kuimba hadharani ndio uliozaa vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi kazi zao zinapotumika. Mwaka 1847 mtunzi Mfaransa Ernest Bourget aliketi katika mkahawa wa Ambassadeurs mjini Paris, akasikia muziki wake ukipigwa, na bili ya kinywaji ilipoletwa akakataa kulipa, akisema kwamba ikiwa wao hawalipii nyimbo zake, naye hatalipia kinywaji chao. Mahakama ilimpa haki, na mwaka 1851 kikaundwa chama cha SACEM, ambacho kingali hai. Ukumbi au kituo cha redio kikilipia leseni ya chama cha namna hiyo, kimelipia kupiga na kuimba hadharani. Wateja wangu kadhaa wamewahi kunionyesha stakabadhi ya ukumbi wakidhani inawaruhusu kutoa diski.

Mlango wa kunakili una kisa chake. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya White-Smith dhidi ya Apollo, iliamua kwamba zile karatasi zilizotobolewa matundu, zilizokuwa zikiendesha piano za kujipiga zenyewe, hazikuwa nakala za wimbo, kwa kuwa binadamu hawezi kuzisoma kama noti. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likatunga sheria iliyompa mtunzi haki juu ya nakala za mitambo, lakini kwa sharti kwamba wimbo ukisharekodiwa mara ya kwanza kwa ruhusa yake, mtu mwingine yeyote naye anaweza kuurekodi upya kwa kulipa kiwango kilichopangwa na sheria. Kiwango kilikuwa senti 2 za dola kwa kila nakala, na hakikusogea mpaka mwaka 1978. Kuanzia 2006 hadi 2022 kilikuwa senti 9.1, na mwaka 2023 kikapanda hadi senti 12 kwa wimbo usiozidi dakika 5. Kwa kiwango cha mwaka huo, nakala 500 za wimbo mmoja zilikuwa dola 60. Ninaitaja hesabu hiyo kwa sababu wengi hukwepa kuomba wakidhani wataambiwa wauze shamba.

Hata hivyo, msiihamishe sheria hiyo kichwa kichwa. Katika nchi nyingi hakuna leseni ya namna hiyo. Unaomba kwa mchapishaji wa muziki (kampuni inayosimamia kazi za mtunzi) au kwa chama, nao ndio wanaopanga malipo, aghalabu kwa asilimia ya bei ya kuuzia. Na kule kule Marekani leseni hiyo ina ukuta pande zote: haihusu kunakili rekodi ya mtu mwingine, haihusu video, haihusu kuchapisha mashairi ya wimbo kwenye kijitabu cha diski, na haikuruhusu kugeuza lahani ya msingi. Tena taarifa yake hutangulia usambazaji. Aliyekwisha kusambaza halafu akatafuta leseni huwa amekwisha kuvunja sheria, na kinachobaki ni mazungumzo ya fidia.

Mleta uzi

Nashukuru sana, mzee wangu. Hapo kwenye kugeuza umenishtua. Katika ubeti wa pili wa ule wimbo ulioniletea barua tulibadilisha neno moja, kwa kuwa sauti ya pili ilikuwa ikilikosea kila mara. Je, neno moja ni kitu?

Mchangiaji wa 3

Linaweza kuwa kitu kikubwa. Mbali na haki ya malipo, mtunzi ana haki ya kimaadili, yaani kutajwa jina na kuizuia kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima, na Mkataba wa Berne unaitambua haki hiyo hata kama mtunzi amekwisha kuuza haki zake za mapato. Litaje neno hilo kwenye barua yako. Ukilificha wakaligundua wenyewe kwa kusikiliza, utakuwa na mashtaka mawili badala ya moja.

Mchangiaji wa 4

Naomba kuchangia upande wa kumtafuta mwenye mali, kwa kuwa ndio unaokula muda kuliko yote.

Chukua diski au kasha la rekodi iliyokufundisha wimbo, usome maandishi madogo ambayo watu hawayasomi. Ukiona herufi C ndani ya duara, ikifuatiwa na mwaka na jina, huyo anadai hakimiliki, ama ya utunzi, ama ya picha na maandishi ya kasha. Ukiona herufi P ndani ya duara, huyo ndiye mwenye rekodi. Wengi huona alama hizo mbili zikiwa na jina moja wakadhani ni jambo moja limeandikwa mara mbili. Chini ya jina la wimbo, ndani ya mabano, huandikwa majina ya watunzi, na pembeni yake mara nyingi jina la mchapishaji. Jina hilo la mchapishaji ndilo unalolitafuta, kwa sababu ndiye anayejibu barua.

Vilevile zipo namba mbili. Rekodi huwa na namba ya ISRC, yenye tarakimu na herufi 12 kwa jumla, na utunzi huwa na namba ya ISWC, inayoanza na herufi T. Wimbo mmoja ukiimbwa na wasanii kumi, kwa kawaida utakuwa na ISRC kumi na ISWC moja. Wewe uliyeimba upya unaihitaji hiyo moja. Vyama vingi vya mirabaha vina daftari la nyimbo kwenye tovuti zao ambalo mtu yeyote anaweza kulipekua kwa jina la wimbo au la mtunzi, na ukiona majina matatu ya watunzi, usimwandikie mmoja ukawaacha wawili, isipokuwa awe na mamlaka ya kuwasemea. Mtu mwenye robo ya wimbo akikataa, katika nchi nyingi nakala hazitoki.

Kosa jingine ni kutegemea kwamba mtunzi hakusajili kazi yake. Chini ya Mkataba wa Berne, ulinzi hauhitaji usajili wala alama yoyote. Usajili husaidia kuthibitisha; haki yenyewe huanza wimbo unapotungwa, ingawa baadhi ya nchi hudai kwanza uwe umeandikwa au kurekodiwa.

Mchangiaji wa 5

Katibu, umesema nyimbo ni nne. Je, hakuna ya zamani miongoni mwake? Nyimbo za kale hazina mwenyewe, na hizo mngeziimba bila kuomba mtu.

Mleta uzi

Ipo moja. Lahani yake ni ya karne ya kumi na tisa na mtunzi alifariki kabla babu yangu hajazaliwa. Ndiyo niliyoihesabu kuwa salama.

Mchangiaji wa 6

Iangalie tena kwa makini. Muda wa chini kabisa katika Mkataba wa Berne ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi, zikiwamo za Umoja wa Ulaya, zimeweka miaka 70. Ukiwa na watunzi wawili, hesabu huanzia kifo cha aliyebaki nyuma. Kwa wimbo wako huo, muda wa lahani umekwisha kokote.

Swali langu ni hili: mliimba kutoka wapi? Umesema mlikuwa na kitabu cha noti. Ikiwa kitabu hicho kina mpangilio wa sauti nne ulioandikwa na mtu aliye hai, au aliyefariki hivi karibuni, basi mpangilio ule ni kazi yake yenye ulinzi wake, ingawa lahani iliyo ndani yake haina mwenyewe. Hali kadhalika tafsiri ya maneno. Mashairi ya asili yanaweza kuwa huru huku tafsiri mliyoiimba ikiwa ya juzi.

Na kwa yule atakayetaka kunakili rekodi ya zamani ya wimbo wa kale, rekodi ina saa yake. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliweka muda wa chini wa miaka 20, makubaliano ya biashara ya dunia ya mwaka 1994 yakaweka miaka 50, na Umoja wa Ulaya mwaka 2011 ukaufikisha miaka 70. Okestra iliyopiga muziki wa karne ya kumi na nane mwaka jana ina haki zote juu ya rekodi yake.

Mleta uzi

Nimefungua kitabu sasa hivi. Chini ya ukurasa wa kwanza wa wimbo huo, kwa herufi ndogo mno, pana jina la mpangaji wa sauti na mwaka, na mwaka wenyewe ni wa karibu. Tuliuimba mpangilio wake sauti kwa sauti.

Mchangiaji wa 7

Basi tuje kwenye barua, kwa maana nimeandika nyingi na nimejibiwa nusu yake, na nimejifunza kwa nini ile nusu nyingine haikujibiwa. Barua nilizonyimwa jibu zote zilikuwa na sentensi kama hii: "Tunaomba ruhusa ya kutumia wimbo wenu." Neno "kutumia" halimwambii msomaji lolote. Hajui akuruhusu nini wala akutoze nini, na mwenye barua mia mezani huiweka pembeni.

Barua inayojibiwa humfanyia msomaji kazi yake. Kwa wimbo wako wa kwanza ingesomeka takribani hivi: "Sisi ni kwaya isiyofanya biashara. Tumeuimba na kuurekodi upya wimbo uliotajwa hapo juu, wenye urefu wa dakika 4 na sekunde 10, kwa sauti nne na ala mbili. Tunaomba ruhusa ya kutoa nakala 500 za diski na kuzisambaza kwa kuuza katika nchi yetu, kwa muda wa miaka miwili. Katika ubeti wa pili tumebadilisha neno moja, ambalo tumelionyesha kwenye karatasi iliyoambatishwa pamoja na rekodi. Jina la mtunzi litaandikwa kwenye kasha na kwenye diski yenyewe kama mtakavyoelekeza. Tunaomba mtujulishe malipo na namna ya kutoa hesabu ya mauzo." Ukipenda kuweka pia mtandaoni, sema mtandao upi, na kama watu watasikiliza tu au watapakua. Wasikuambie baadaye kwamba waliruhusu diski peke yake.

Katika kesi yenu liko jambo la ziada, nalo ni gumu kuliandika: nakala zimekwisha kutolewa. Liseme katika aya ya kwanza, sema pia kwamba hamjasambaza hata moja na kwamba mmezifungia. Nimeona wenye haki wakilainika kwa maneno hayo, na nimeona wakikaza walipoyapata kwa mtu mwingine.

Jibu likija, lisome kama unavyosoma mkataba wa kupanga nyumba. Angalia aliyetia sahihi anasema ni nani, idadi ya nakala, mahali, muda, na kama ruhusa ni ya kwenu peke yenu au wengine pia watapewa, jambo ambalo kwa kwaya halina madhara. Ruhusa ya nakala 500 haigeuki kuwa ya 501 kwa sababu mtambo ulikuwa bado una moto.

Mchangiaji wa 8

Na asipojibu? Mimi nimesubiri miezi minne kwa wimbo mmoja. Nimepiga simu, nimetuma barua pepe tatu, na za mwisho mbili niliandika kwamba wasipojibu ndani ya siku kumi na nne nitahesabu kwamba wamekubali.

Mchangiaji wa 2

Ndugu yangu, sentensi hiyo ya siku kumi na nne ifute kabisa. Hakuna anayeweza kumfunga mwenzake kwa ukimya wa namna hiyo, na siku ukifikishwa mbele ya hakimu itakuwa ushahidi kwamba ulijua ruhusa inahitajika na ukaendelea bila kuwa nayo.

Pale mwenye haki asipopatikana kabisa, nchi chache zina njia rasmi. Kanada ina bodi ya hakimiliki inayoweza kutoa leseni kwa mtu aliyethibitisha kwamba alimtafuta mwenye kazi bila mafanikio, na Uingereza ilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 2014. Unalipa, fedha inatunzwa, mwenyewe akijitokeza anapewa. Leseni hizo huishia ndani ya mpaka wa nchi iliyozitoa. Tena zinamhusu asiyejulikana au asiyeonekana. Aliyeonekana akanyamaza, kama wako, hana dawa hiyo. Wimbo huo uache.

Mchangiaji wa 9

Wanajukwaa, naomba niulize kuhusu video. Mitandaoni watu wanapakia nyimbo za wengine kila siku na hazifutwi. Wengine hupokea ujumbe tu kwamba wimbo umetambuliwa na matangazo yake yatamlipa mwenyewe. Hiyo si ruhusa?

Mchangiaji wa 4

Huo ni uvumilivu wenye masharti, na mwenye wimbo anaweza kuuondoa kesho asubuhi. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu humpa mwenye haki hiari ya kuzuia video, kuifuatilia, au kuchukua mapato yake, naye anaweza kubadili hiari hiyo wakati wowote. Hali aliyokuachia huko haihami nawe kwenda kwenye diski, kwenye televisheni, wala kwenye simu za watu kwa flashi.

Kwa sauti peke yake isiyo na picha, mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu huduma kubwa za kusikiliza muziki mara nyingi zina leseni zao na wachapishaji na vyama, zinazolipia utunzi kila wimbo unaposikilizwa. Marekani, kwa mfano, tangu Januari 2021 kazi hiyo iko chini ya shirika moja lililoundwa kutokana na sheria ya mwaka 2018. Ukiongeza picha, hata kama ni za kwaya imesimama tu mbele ya ukuta, unarudi kuomba upya.

Hata nyimbo zilizotolewa kwa leseni huria za Creative Commons zina mtego huo. Leseni zake sita zote zinaruhusu kunakili na kugawa bila kuomba, mradi umtaje mwenye kazi, na nyingine zinakataza biashara. Ila ukikutana na ile inayokataza kubadilisha kazi, jua kwamba kuulinganisha wimbo na picha zinazotembea huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Unaweza kutoa nakala elfu za sauti, na usiweze kutoa video moja ikawafikia watu.

Mchangiaji wa 6

Niongeze neno kwa upande wa pili. Anayedai naye aulizwe. Wimbo wa kuzaliwa unaoimbwa dunia nzima kwa Kiingereza ulitozwa ada kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2015 jaji mmoja wa Marekani alipoamua kwamba kampuni iliyokuwa ikitoza haikuwa na haki halali juu ya maneno yake. Mwaka 2016 suala likamalizwa kwa malipo ya dola milioni 14. Kumwomba mtu akuonyeshe kwa nini yeye ndiye wa kulipwa si ukorofi. Mchapishaji wa kweli hujibu swali hilo kwa mistari miwili.

Mleta uzi

Narudi kutoa mrejesho, baada ya wiki tisa.

Niliandika barua nne kwa mtindo wa mchangiaji wa 7. Mpangaji wa ule wimbo wa zamani alijibu siku ya pili, akaruhusu bila malipo, akaomba apelekewe diski mbili na jina lake liandikwe kwa ukamilifu; juu ya fotokopi alisema kwa upole tununue vitabu, nasi tumenunua. Mtunzi wa wimbo wa pili alitutoza kwa kila nakala, kiasi ambacho michango ya mazoezi mawili ilikimaliza. Wimbo wa tatu hatukumpata mwenyewe. Tulipata majina mawili yanayofanana katika daftari la chama, yote mawili yakakana kuutunga. Tumeuacha.

Barua ya warithi ndiyo iliyochelewa. Kabla ya kuwajibu niliwauliza, kama nilivyoshauriwa hapa, msingi wa kampuni ile kuwasemea, nao wakaniletea ukurasa mmoja wenye sahihi za warithi wote watatu. Wameruhusu nakala 500, kwa miaka miwili, kwa malipo tuliyokubaliana, na sharti moja: ubeti wa pili uimbwe kama marehemu alivyouandika. Walieleza kwamba neno tulilolibadilisha lilikuwa jina la utani la mama yao.

Jumamosi tunarudi studio kwa ajili ya ubeti huo. Maboksi matano yamekwenda kusagwa, na mahali pa kutolea nakala wamenipa fomu mpya. Albamu sasa ina nyimbo kumi na moja. Katika safu ya tatu, mbele ya kila moja ya zile tatu za watu, nimeandika tarehe ya barua, namba ya kumbukumbu, na jina la aliyetia sahihi. Safu ilikuwa nyembamba, ikabidi niendelee nyuma ya karatasi.